Uamuzi Unaoharibika Kila Mara Pale Pale: Mwongozo wa Kukagua Dalili na Chanzo

Fundi mmoja wa pikipiki pale Pasua, mjini Moshi, ana kawaida ya kutogusa spana mpaka amuulize mwenye chombo maswali matatu: tatizo lilianza lini, pikipiki ilizima ikiwa ya moto au ya baridi, na nani aliifungua kabla yake. Vijana anaowafundisha huona anapoteza muda, kwa kuwa wao huanza kwa kubadilisha plagi, na plagi ikishabadilishwa bila mafanikio hubadilisha kabureta. Wengi wetu, maamuzi yetu ya kila siku yanapoharibika, tunafanana na vijana hao. Tunalaumu bahati, tunaapa kuwa makini zaidi, kisha mwaka unaofuata tunakosea mahali pale pale, kwa sababu hatukuuliza kosa liliingilia wapi.

Mwongozo huu unatumia vielelezo vya fikra kama fundi anavyotumia vifaa vyake. Kielelezo cha fikra ni picha ndogo, iliyomo kichwani, ya jinsi jambo fulani linavyofanya kazi, ambayo mtu huitumia kukisia litakalotokea kabla halijatokea. Mwaka 1943 mwanasaikolojia wa Uingereza, Kenneth Craik, alieleza kwamba akili hubeba mfano mdogo wa ulimwengu wa nje na kujaribu mambo ndani yake. Lakini hakuna haja ya kwenda Uingereza. Mama muuza ndizi wa Mwika anayejua kwamba mikungu hufurika sokoni shule zinapokaribia kufunguliwa, kwa sababu kila mzazi anatafuta ada, anacho kielelezo tayari, na anajua kwamba hiyo si wiki ya kupeleka mzigo wake kama anaweza kusubiri. Shida yetu kwa kawaida si uhaba wa vielelezo, bali ni kushika kisichohusika na hitilafu iliyopo. Kwa hiyo anza na dalili.

Dalili: unaendelea kulipia jambo ambalo leo usingelianzisha

Hii naifahamu kwa gharama yangu mwenyewe. Nilinunua gari aina ya Noah la kubeba abiria kati ya Moshi na Himo kwa shilingi 14,000,000. Baada ya miaka miwili nilikuwa nimekwisha kutumia shilingi 3,200,000 kwa matengenezo, ndipo giaboksi nayo ikafa, na fundi akataka shilingi 2,500,000. Kwa mwezi mzima kila aliyeniuliza kwa nini siliuzi nilimjibu kwa sentensi moja: nimeshatia humo zaidi ya milioni 17. Sikuona kwamba sentensi hiyo ilikuwa inazungumzia fedha ambazo hazingerudi hata kama ningetengeneza, wala hata kama ningeuza.

Chanzo cha dalili hii ni gharama iliyozama, yaani fedha iliyokwisha kutumika ambayo hairudi kwa uamuzi wowote. Namna ya kuikagua ni kujifanya umelikuta gari asubuhi hiyo limeegeshwa uani, zawadi kutoka kwa mjomba, likiwa na giaboksi mbovu. Ungelifanyia nini? Likiuzwa lilivyo, wanunuzi walikuwa wanatoa milioni 6. Likitengenezwa, lingeuzwa milioni 9. Ukiondoa 2,500,000 za fundi, unabaki na nyongeza ya 500,000 tu, tena kwa sharti kwamba hakuna kingine kitakachokufa kabla mnunuzi hajapatikana. Njia ya tatu ilikuwa kulitengeneza na kubaki nalo. Dereva alikuwa ananiletea hesabu ya shilingi 35,000 kwa siku, kwa siku 24 za mwezi, yaani 840,000. Mafuta ya injini, matairi, bima na leseni vilikula wastani wa 450,000, hivyo nilibaki na 390,000. Ili kupata hizo 390,000 nilipaswa kuweka 2,500,000 za giaboksi na kuikosa ile milioni 6 ambayo ningelipwa siku hiyo, jumla 8,500,000, ambazo zingehitaji karibu miezi 22 kurudi. Fedha unazozikosa kwa kutochagua njia nyingine ni gharama kamili, ingawa hakuna anayekuandikia risiti yake. Angalia pia kwamba ile milioni 17 haikuingia popote katika hesabu hii. Nikaliuza lilivyo.

Hata hivyo, nimeona watu waliojifunza somo hili nusu nusu wakaanza kuacha kila kitu. Nyumba iliyofika kwenye lenta haiachwi kwa hoja kwamba fedha za msingi zimeshazama. Za msingi hazihesabiwi, ni kweli, lakini msingi wenyewe upo, nao umepunguza kazi iliyobaki. Vivyo hivyo mtoto aliyemaliza kidato cha pili: ada za miaka miwili hazirudi, ila sasa cheti kipo umbali wa miaka miwili badala ya minne. Swali sahihi daima ni kile kilichobaki kulipwa dhidi ya kile kitakachopatikana, na mara nyingi jibu lake ni kuendelea.

Dalili: kila mpango unachukua muda na fedha kuliko ulivyokadiria

Kabla ya kutafuta chanzo, tenganisha mambo mawili yanayofanana. Chukua mchoro wa kwanza wa nyumba yako, au orodha ya kwanza ya shughuli, uhesabu vitu vilivyoongezwa njiani: baraza la mbele, choo cha pili, vigae badala ya sakafu ya saruji. Ikiwa nyongeza hizo ndizo zilizokula fedha, makadirio yako hayakuwa na tatizo. Tatizo ni kutoweza kukataa nyongeza, na dawa yake ni mazungumzo ya nyumbani, si hesabu.

Ikiwa hukuongeza kitu na bado umechelewa, chanzo ni kukadiria ukiwa ndani ya mpango wako mwenyewe. Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza kosa hili mwaka 1979: mtu anayepanga huziwazia hatua zake moja baada ya nyingine zikienda vizuri, wala haulizi mipango ya aina hiyo kwa kawaida huishia wapi. Anayejenga Kibosho au Old Moshi huhesabu siku za kufyatua matofali, kupandisha kuta na kuezeka. Hahesabu kwamba kuanzia Machi hadi Mei ni masika, kwamba lori la mchanga likikwama kwenye kona ya tope hakuna tofali litakaloinuka, na kwamba fundi wake ana kazi nyingine mbili asizozitaja.

Rekebisho lake ni la nje ya mpango. Tafuta majirani watano waliokwisha kuhamia nyumba zao, uwaulize miezi mingapi ilipita tangu msingi hadi kuezeka, kisha uanzie hapo. Ukiona sababu ya kweli ya wewe kuwahi, punguza kidogo. Usimuulize fundi, kwa maana fundi anataka kazi. Kwa mambo madogo kanuni ni ile ile: mtu wa Moshi mwenye miadi Arusha, umbali wa kilomita kama 80, asijiulize basi huchukua muda gani njia ikiwa nyeupe, bali safari mbaya kuliko zote katika kumi za mwisho ilichukua muda gani. Kama miadi yenyewe ni ya ndege, hiyo ndiyo saa ya kuhesabia. Kama ni kumsalimia shangazi Sakina, atakusubiri.

Dalili: umemwiga aliyefanikiwa, hukufanikiwa

Juni 2020 mchimbaji mdogo wa Mererani, Saniniu Laizer, aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja likizidi kilo 9 na jingine kilo 5, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Picha yake akiwa na mfano wa hundi ilienea kote, na katika vijiwe vya Arusha mazungumzo yakabadilika: vijana waliokuwa na mitaji midogo ya duka au ya bodaboda wakaanza kuulizia mashimo. Hakuna kilichokuwa cha uongo katika habari ile. Ila ilikuwa habari ya mtu mmoja, na upande wa pili wa mizani kuna wanaapolo, yaani vibarua wa migodini, ambao hushuka ardhini mwaka baada ya mwaka kwa chakula na ahadi ya mgawo jiwe likipatikana, ambao hakuna kamera itakayowafuata siku wanaporudi kwao mikono mitupu.

Chanzo hapa ni kujifunza kutoka kwa waliobaki tu. Mfano wake maarufu ni wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pale mtaalamu wa takwimu Abraham Wald alipochunguza ndege za kivita za Marekani zilizorudi zikiwa na matundu ya risasi. Mawazo ya haraka yalikuwa kuongeza chuma palipo na matundu mengi. Wald alionyesha kwamba matundu hayo yalikuwa kwenye ndege zilizomudu kurudi. Mahali pa kuongeza chuma ni pale ambapo ndege zilizorudi hazikuwa na matundu, kwani zilizopigwa hapo hazikurudi kuhesabiwa.

Kwa hiyo kabla ya kulima vitunguu kwa sababu jirani amejenga kwa vitunguu, usianze kwa kumuuliza jirani mbinu zake. Yeye mwenyewe huenda hajui ni ipi kati ya mbinu hizo iliyomsaidia na ipi ilikuwa bei nzuri ya msimu ule. Waulize waliolima wakaacha. Hawapatikani kwa urahisi, maana hakuna anayejitangaza kwa hasara, lakini muuza pembejeo anawajua wote, hasa waliokopa.

Dalili: uliuliza watu wengi, wote wakakubaliana nawe, na bado ukakosea

Mwaka 1960 mtafiti Peter Wason aliwapa watu namba 2, 4, 6, akawaambia zinafuata kanuni fulani, nao waigundue kwa kumpa namba tatu tatu aseme kama zinaifuata au la. Wengi walidhani kanuni ni kuongeza mbili. Wakajaribu 8, 10, 12, wakajibiwa ndiyo, wakajaribu 20, 22, 24, wakajibiwa ndiyo, wakatangaza jibu na kukosea. Kanuni ilikuwa namba ziwe zinapanda tu. Aliyejaribu 1, 2, 30 angeligundua hilo mara moja, lakini hilo ni jaribio la kutaka kukanushwa, nasi hatupendi kukanushwa.

Mtu anayetaka kununua kiwanja Ngaramtoni au Usa River hufanya hivyo hivyo. Anamuuliza dalali, anamuuliza rafiki aliyempeleka, anamuuliza binamu ambaye tayari amenunua jirani, nao wote wanasema eneo ni zuri. Amejaribu 8, 10, 12. Rekebisho ni kuligeuza swali. Mwanahisabati Mjerumani Carl Jacobi anakumbukwa kwa kuwahimiza wanafunzi wake kugeuza, daima kugeuza. Katika ununuzi wa kiwanja maana yake ni kuacha kuuliza kwa nini hiki ni kizuri, na kuuliza ni jambo gani, likiwa kweli, litanifanya nilie. Jina lililopo ofisi ya ardhi ni la muuzaji, au la marehemu baba yake? Mke wa muuzaji ameridhia, na ameridhia kwa kinywa chake mwenyewe? Maji ya masika yanapita wapi? Mjumbe amewahi kusuluhisha ugomvi juu ya mpaka huu? Kila swali lina mtu wa kuulizwa, na karibu wote si wale uliokwisha kuwauliza. Waliotoa fedha zao katika upatu wa kupanda na kuvuna uliowaliza Watanzania wengi mwaka 2009 hawakukosa ushauri; walikuwa wanashauriana wao kwa wao.

Dalili: umeondoa kitu kisicho na maana, matatizo yakaanza

Hii ni dalili ya warithi na ya mabosi wapya. Kijana anarudi kutoka Dar es Salaam kushika kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, cha baba yake, anakuta migomba imebanana na kahawa, juu yake mringaringa na miti mingine mirefu, na mfongo, mfereji wa asili wa kumwagilia, unaopita katikati ukila nafasi. Anaona vurugu. Anakata miti ili mwanga uingie na mbao ziuzwe. Msimu wa kiangazi kahawa inanyauka, udongo unakauka upesi kuliko zamani, majani yaliyokuwa yakianguka na kuoza hayapo, na mama anayefuga ng'ombe ndani analazimika kununua majani aliyokuwa akiyakata pale pale. Miti ile ilikuwa inafanya kazi nne, na hakuna hata moja iliyoandikwa popote.

Mbaya zaidi ni masale. Mgeni huyaona kama majani tu, akayang'oa ili ajenge ukuta ulionyooka, kumbe yalikuwa ndio mpaka, na kwa Wachagga isale ni zaidi ya mpaka, kwa kuwa ni jani lile lile linalopelekwa kuomba msamaha na kurejesha amani. Aliyeling'oa kwa jembe analihitaji tena, safari hii mkononi, akiwa mbele ya wazee.

Kanuni ya ukaguzi ni moja: usiondoe kitu mpaka uweze kueleza, kwa maneno ambayo aliyekiweka angeyakubali, kwa nini alikiweka. Ukishaweza, una ruhusa ya kukiondoa. Familia inayonunua magunia matano ya mahindi kila Agosti kwa sababu bibi alikuwa na watoto kumi na wawili inajua sababu, na inajua sababu hiyo imekwisha, basi na inunue mawili.

Dalili: unaamua vizuri mchana na vibaya usiku

Waongoza watalii wa Kilimanjaro wanalifahamu tatizo hili kuliko wanasaikolojia. Hatua ya mwisho ya kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, huanza usiku wa manane, kwenye baridi kali na hewa yenye oksijeni kidogo, na hapo ndipo mteja aliyelipa fedha nyingi anapotakiwa kuamua kama ataendelea huku kichwa kinamuuma na miguu inayumba. Akili inayotakiwa kupima hatari ndiyo iliyoathiriwa na hatari hiyo. Kwa sababu hiyo kiongozi mwenye busara huweka masharti ya kugeuka mapema, kambini, mteja akiwa anakunywa chai na kucheka: ukianza kuyumba, au usipoweza kujibu maswali yangu, tunashuka, na hatutajadiliana juu.

Ikiwa maamuzi yako mabaya yanashabihiana kwa saa kuliko kwa aina, yaani yote yalifanyika ukiwa na njaa, hasira, usingizi, au katikati ya kikao cha harusi ambapo kila mmoja anataja ahadi yake kwa sauti, usitafute kosa katika hesabu. Weka sharti lako kabla ya kupanda. Andika kiasi cha mchango nyumbani, umwonyeshe mwenzako, kisha uende kikaoni. Mkopo unaotolewa kwa simu saa tano usiku uwe na sharti la kusubiri asubuhi.

Dalili: huamui kabisa

Uliza kama uamuzi unaweza kurudishwa. Kinachorudishika, kama kubadilisha duka la kununulia unga au njia ya kwenda kazini, kiamuliwe leo kwa kuchukua cha kwanza kinachotosha, jambo ambalo Herbert Simon alilitetea tangu miaka ya 1950 akisema binadamu hana muda wala taarifa za kutafuta kilicho bora kuliko vyote. Kisichorudishika, kama ndoa au kuuza kihamba, kinastahili ucheleweshaji wako wote. Wengi wetu tunafanya kinyume.

Dalili: uliamua vibaya, au ndivyo unavyodhani

Mwisho kuna malalamiko ambayo ukaguzi hauoni hitilafu yoyote. Umefanya yote yaliyotakiwa, matokeo yakawa mabaya. Au umekisia tu, matokeo yakawa mazuri, ukajisifu. Matokeo peke yake hayatofautishi uamuzi mbaya na bahati mbaya, na kumbukumbu nayo hudanganya, kwani tukishajua kilichotokea huamini kwamba tulikijua tangu mwanzo. Kifaa pekee ninachokijua hapa ni daftari. Kwa kila uamuzi mkubwa andika tarehe, ulichokijua, namba ulizotumia na aliyekupa, na unavyokadiria uwezekano wa mambo kwenda vizuri, kisha usiliguse mpaka matokeo yajulikane.

Gari langu limeandikwa humo. Mwaka mmoja na nusu baada ya kuliuza nililiona stendi ya Himo likipakia abiria, limepakwa rangi upya, na konda wake akaniambia kwamba halijalala hata wiki moja. Nilirudi nyumbani nikafungua ukurasa. Nilikuwa nimeandika kwamba uwezekano wa gari kudumu miaka miwili zaidi ni mara nne kati ya kumi, na nne kati ya kumi hutokea, kwa hiyo upande huo sikuona kosa. Kosa lilikuwa mstari mmoja juu yake. Karibu na shilingi 2,500,000 za giaboksi palikuwa na jina la fundi mmoja tu. Nilipokutana na mnunuzi nikamuuliza. Yeye alizunguka gereji tatu, akapata giaboksi iliyotumika na kufungiwa kwa shilingi 1,400,000. Kwa bei hiyo, kutengeneza kisha kuuza kungeniletea 1,600,000 zaidi ya kuuza gari lilivyo. Namba ya kwanza niliyotajiwa niliigeuza kuwa kigingi, nikajifunga hapo, na hesabu yote niliyoifanya kwa uangalifu ilizunguka kigingi hicho. Nimeandika pembeni kwa kalamu nyekundu: bei tatu.